Saa Aliyoirudisha Mama Kufuli

Siku niliyomwona mara ya kwanza alikuja mezani kwangu na betri ndogo ya duara kiganjani, ameishika kama mtu aliyeokota jino la mtoto wake. Nilikuwa nimehamia chini ya ngazi ya jengo lile asubuhi hiyohiyo. Meza yangu ilikuwa inayumba, mguu mmoja nimeuwekea kipande cha boksi, na kioo cha kukuzia nilikuwa nimekibana jichoni ingawa sikuwa na saa yoyote ya kutengeneza. Nilikibana ili nionekane nina kazi.

"Fundi, unayo kama hii?"

Nikaigeuza. "Ninayo. Saa yenyewe iko wapi?"

"Saa yenyewe haibebeki. Ni kompyuta."

Nilidhani ananitania. Mimi mtu akinitania huwa nainamisha kichwa tu, basi nikainamisha. Akacheka, akasema, "Njoo uione kama huamini. Hatua chache tu, hutapotea."

Chumba chake cha intaneti kilikuwa nyuma ya ngazi. Kompyuta zilikuwa zimepangwa ukutani, kila moja na kiti chake cha plastiki, na pembeni dirishani kulikuwa na moja kuukuu kuliko zote, yenye kioo kizito. Alikuwa ameifungua tumbo. Kwenye kioo chake kulikuwa na alama nyekundu na maneno yanayosema muunganisho wako si wa faragha.

"Unaona nini?"

"Naona nyekundu, dada."

"Hiyo nyekundu watu wengine wanaikimbia kama moto, wengine wanairuka kama dimbwi. Wote wanakosea. Kwanza unaiuliza umekuja kufanya nini." Akaizima, akachomeka betri yangu mahali pake kwa kucha. "Kompyuta ikizimwa, hiki kidonge ndicho kinachoitunzia saa. Kikifa, ikiwashwa inaamka inadhani ni mwaka ule ilipotoka kiwandani. Sasa inakutana na tovuti yenye cheti cha mwaka huu. Inasema, huyu tapeli, cheti chake hata hakijaanza kazi. Kumbe anayeishi zamani ni yeye."

Akaiwasha, akaweka tarehe, akafungua ukurasa uleule. Nyekundu ikaondoka. Juu, kando ya anwani, kikatokea kikufuli kidogo.

"Angalia kufuli kwanza," akasema, "ndipo uandike jina lako."

Hayo maneno niliyasikia kila siku tangu hapo, kupitia ukuta. Aliwaambia wanafunzi, wauza duka, wazee waliokuja kutafuta majina ya pensheni. Ndiyo maana watu walimwita Mama Kufuli, na alilipenda hilo jina. Alinieleza kwamba cheti cha tovuti ni kama kitambulisho: kinasema huyu ni nani, kimetolewa siku gani, kitaisha siku gani. Ukibonyeza kile kikufuli unaweza kuzisoma hizo tarehe. Watu hawabonyezi. Yeye alibonyeza.

Kulikuwa na kondakta mstaafu aliyekuja kila siku kusoma magazeti ya bure kwenye kompyuta, sauti yake bado ile ya kuita abiria. Siku moja akasema, "Mama Kufuli, wewe hata mchumba akija utamkagua cheti."

"Na kikiwa kimeisha muda simfungulii."

"Basi mchukue Fundi Saa. Cha kwake kiko kwenye nailoni, hakijawahi kutumika."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kikombe changu cha chai, nikarudi nacho chini ya ngazi bila kunywa. Nilimsikia akimfokea kondakta, "Mwache kaka wa watu," lakini naye alikuwa anacheka.

Alikuwa na mwana mmoja. Mume alikuwa amekufa zamani. Kijana alikuwa mrefu mpaka alijikunja akipita mlangoni, mpole, mwenye visikilizio shingoni muda wote. Mama yake alimwita Bwana Mdogo, na sisi sote tukamwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti za watu. Alitengeneza na ya chumba cha mama yake: picha ya mama amesimama mlangoni mikono kiunoni, saa za kufungua, jengo lilipo, mahali pa mteja kuandika ujumbe, na chini kabisa maneno haya: "Hapa kwa Mama Kufuli. Angalia kufuli kwanza." Nafasi aliyopangisha ya kuweka ukurasa huo ilikuwa ya bei ya chini, na cheti hakikujifanya upya chenyewe kama cha tovuti kubwa. Kila baada ya miezi mitatu ilibidi aingie mwenyewe, kwa mkono wake, akifanye upya. Mama yake alimtania, "Siku ukisahau, Bwana Mdogo, nitaona aibu ya mwaka. Mama Kufuli hana kufuli!" Akajibu, "Siwezi kusahau, mama. Nikisahau niite."

Kisha ikatokea ile siku ya msusi.

Msusi alikuwa na saluni jengo la pili. Aliingia anapiga kelele, kitana bado kimechomekwa kichwani mwake. Akaunti yake ilikuwa imetekwa. Mtu alikuwa anawaandikia shangazi zake na wateja wake kwa jina lake, akiwatukana, akitawanya picha zake. Mara ya mwisho aliifungua kwenye kompyuta ya pale. "Na aliyekaa nyuma yangu," akasema, "ni huyu mwanao."

Chumba kilikuwa kimejaa. Mama Kufuli alisimama. Nadhani kama pasingekuwa na watu angeuliza kwa namna nyingine. Lakini jina lake lote lilikuwa juu ya jambo hilohilo, na macho yote yalikuwa kwake.

"Bwana Mdogo, umefanya nini?"

"Sijagusa kitu, mama."

"Niangalie unaposema."

"Nakuangalia. Sijagusa."

"Nani mwingine hapa anajua kufanya hivyo? Kondakta?"

Watu wengine wakacheka, na nadhani kile kicheko ndicho kilichomkata kijana. Mama yake akasema, na sauti haikuwa kubwa, "Mimi silali nyumba moja na mwizi. Ukiwa tayari kusema kweli, njia unaijua."

Kijana akavua visikilizio, akaviweka mezani, akainama kupita mlangoni. Alipofika kwangu alisimama kidogo. Akasema, "Mjomba, mwangalizie mama," kama mtu anayetoka kununua mkate. Hakurudi. Namba yake ya simu ikawa haipatikani.

Wiki nyingi zikapita. Msusi mwenyewe ndiye aliyeitoa kweli, na hata hakujua kama anaitoa. Mvua ilikuwa imemzuia pale, anapiga soga, akasema, "Lakini hizi mashine zako zina visa, Mama Kufuli. Siku ile ya balaa langu ilinibania kabisa. Nimepata kiungo cha zawadi, nabonyeza, inaniletea nyekundu. Nabonyeza tena, nyekundu. Nikatafuta yale maneno madogo ya chini, endelea hivyohivyo, nikailazimisha. Ikaniuliza nywila, nikaipa. Ikatulia."

Nilikuwa napachika mkanda wa saa mlangoni kwa sababu ya mwanga. Nilimwona Mama Kufuli akishika ukingo wa meza.

"Uliiruka nyekundu," akasema.

"Kwani ina nini?"

"Uliiruka mwenyewe, ukamwandikia tapeli nywila."

"Si ndiyo nakwambia. Mbona unaniangalia hivyo, dada?"

Alikwenda kukaa kwenye ile kompyuta ya dirishani, akafungua ukurasa aliotengeneza mwanawe, akabonyeza kufuli. Tarehe ya kutolewa ilikuwa mpya, ya wiki ileile. Kijana alikuwa ameondoka bila kuaga, na bado popote alipokuwa alikuwa ameingia kwa mkono wake na kukifanya cheti upya.

Alikuja kwangu mbio. "Fundi, yu hai. Na hajanitupa. Njoo uone."

Tangu siku hiyo hakukuwa na asubuhi aliyofungua chumba bila kwanza kukaa dirishani, kufungua ule ukurasa na kubonyeza kufuli. Mimi nilikuwa nafika mapema. Nilisikia kiti chake, nikasikia ukimya, kisha nikasikia akianza kufagia. Ufagio ukianza, najua mambo ni mema. Miezi mitatu ikikaribia kuisha alikuwa mkali kwa wateja, chai yake haina sukari, kisha asubuhi moja anafagia huku anaimba, na hapo kila mtu anapata dakika za ziada bure. Kondakta hakuelewa. "Huyu mama," alisema, "ana msimu kama mahindi."

Mimi nilimuuliza. Mimi siyo mtu wa kuuliza watu mambo yao, lakini hilo nililiuliza. "Dada, ule ukurasa una mahali pa kuandika ujumbe. Unakwenda kwake. Mbona humwandikii?"

"Nimwandikie nini?"

"Kwamba umejua."

"Kumwita mwizi nilimwita kwa mdomo wangu, Fundi, mbele ya watu. Kumwomba radhi ndiyo nimwombe kwa kidole? Atakuja. Mtu asiyetaka kuja asingekuwa anakitunza hiki cheti. Akija, nitasimama palepale niliposimama, nitaita watu walewale, nitasema."

Na kweli, ile tarehe ilikuwa inamtosha. Ilimtosha mno. Mtu mwingine angetafuta simu, angeuliza kwa marafiki, angepanda gari. Yeye alikuwa na kufuli lake kila asubuhi, na kufuli lilimwambia kila kitu kiko salama.

Asubuhi moja sikusikia ufagio.

Nilisikia kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Kisha akatoka, mkono ameunyosha. "Nipe betri, Fundi. Ile imekufa." Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Nikampa, nikamfuata. Nyekundu ilikuwa imejaa kioo. Akabadilisha betri haraka, akaiwasha, akatazama saa ya kona. Ilikuwa sahihi. Ilikuwa sahihi hata kabla. Mimi hizo ndizo kazi zangu, niliilinganisha na ya mkononi mwangu, hazikupishana.

Basi akafanya yote aliyokuwa akiwafundisha watu. Alifuta kumbukumbu za kivinjari. Akajaribu kivinjari kingine. Akahamia kompyuta ya pili, ya tatu. Akazima intaneti ya pale akatumia ya simu yake. Akaja kwangu akaomba simu yangu, nami nikampa, akaandika anwani kwa kidole kinachoteleza. Kila mahali nyekundu. Alikuwa akisema kama anafundisha darasa, "Ikiwa nyekundu kwenye mashine moja, tatizo ni la mashine. Ikiwa nyekundu kila mahali..." Hakumaliza. Akabonyeza kusoma sababu. Cheti kilikuwa kimeisha muda jana yake.

"Amesahau," nikasema.

"Hawezi kusahau."

"Labda ana kazi nyingi."

"Labda," akasema, akachukua ufagio, akaushika tu.

Siku zilizofuata hakufundisha mtu. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Na kwa mara ya kwanza nikaona ile kompyuta ya dirishani haikaliwi na mteja. Akikaa mtu, inamletea onyo tovuti baada ya tovuti. Kondakta alilalamika, "Hii inaniambia saa yake iko nyuma! Magazeti yote imeyakataa." Mama Kufuli akamhamishia kompyuta nyingine.

Nilipopita niliitazama ile kona. Saa ilikuwa nyuma mwezi mzima. Nikadhani betri niliyompa ilikuwa mbovu, nikaona haya. Nikaleta nyingine, ya bora, na bisibisi yangu. Nikapiga magoti nianze kufungua.

Akanishika bega. Alikuwa hajawahi kunigusa kabla ya hapo. "Acha, Fundi. Hiyo saa nimeirudisha nyuma mimi."

Nikabaki nimepiga magoti.

"Keti," akasema. Akafungua ukurasa. Ulifunguka vizuri: yeye mlangoni, mikono kiunoni, na juu kufuli. Kwa sababu kwenye kompyuta ile ilikuwa bado mwezi uliopita, na mwezi uliopita cheti kilikuwa kizima. "Nyingine zote zinaukataa. Hii inaukubali. Imezikataa tovuti za dunia nzima, imebaki na huu mmoja." Akajaribu kucheka. "Miaka yote nawaambia watu, rekebisha saa."

Nikamwambia tena, "Mwandikie."

Safari hii hakubisha. Aliandika polepole, akifuta, akianza upya. Mwisho maneno yakabaki machache, akaniomba niyasome kama yanaeleweka. Mimi kusoma kwangu ni kwa kufuata kidole, nikasoma: "Rudi nyumbani. Niliyekosea ni mimi. Najua hukugusa. Mama." Nikamwambia yanaeleweka. Akatuma. Tukakaa tukikitazama kioo kana kwamba jibu lingetokea palepale.

Jibu lilikuja kwa miguu. Ilikuwa adhuhuri, chumba kina watu wawili watatu. Kijana wa rika la Bwana Mdogo, mwenye vumbi la safari na mkoba wa kompyuta begani, alisimama kwenye meza yangu akauliza, "Kwa Mama Kufuli ni hapa?" Nikamwonyesha. Kisha nikamfuata, kwa sababu aliuliza kwa sauti ya chini mno.

"Mama," akasema, "mimi nilipanga chumba kimoja na mwanao."

Mama Kufuli alikuwa ameshaanza kutabasamu. "Yuko wapi? Umemwacha nje? Mwambie aingie, jamani, aangalie kichwa, mlango ule—"

"Mama, keti kwanza."

Hakuketi. Yule mpangaji akasema akiwa amesimama hivyohivyo. Bwana Mdogo aliugua mapafu. Alilazwa. Alikufa. Majirani walimzika kulekule, kwa sababu simu yake ilikuwa imefungwa kwa nywila na yeye hakuwa mtu wa kusema kwao ni wapi. Alikuwa akisema tu atarudi akiitwa.

"Lini?" akauliza mama yake.

Mpangaji akataja. Ilikuwa miezi mitatu hivi iliyopita.

"Hapana," akasema Mama Kufuli, kwa utulivu, kama anayemsahihisha mteja. "Mimi nina tarehe. Cheti amekifanya upya siku chache kabla ya hapo. Mgonjwa wa kufa hafanyi kazi ya kompyuta."

Mpangaji akaushusha ule mkoba, akaukumbatia. "Alikifanyia kitandani, mama. Kwa kompyuta hii, ni yangu. Pumzi yenyewe alikuwa anaivuta kwa mashine. Nikamwambia, ndugu, acha, utafanya ukipona. Akasema, ukurasa wa mama utakuwa mwekundu, na mama yangu hapiti kwenye nyekundu. Alikuwa anaona, mama. Tovuti inamwonyesha mtu akiingia. Kila asubuhi mapema kuna mtu mmoja anaufungua. Tunakunywa chai, anaangalia simu yake, ananiambia, 'Mama kaamka.'"

Kondakta alikuwa amevua miwani.

"Barua pepe yake ilibaki wazi humu," akasema mpangaji. "Wiki hii ikaingia ujumbe wako, na chini yake anwani ya ukurasa. Ndipo nikajua ni wapi. Nilishindwa kuujibu kwa kuandika. Nikapanda gari."

Mama Kufuli aligeuka akatafuta mahali pale aliposimama siku ya msusi. Alipapata, kati ya meza ya pili na ukuta. Akasimama hapo. Akasema kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, kwa watu wawili watatu waliokuwapo, na mimi, na kondakta: "Mwanangu hakugusa kitu. Mnasikia? Hakugusa kitu." Kisha akaanguka, na mpangaji ndiye aliyemdaka, mimi nilikuwa mbali.

Hakufungua tena kwa moyo. Dada yake alikuja kumchukua, wakaenda kuishi karibu na kaburi la Bwana Mdogo. Chumba kikapata mwenyewe mwingine, na kompyuta zote zikaenda pamoja nacho. Nilimwambia achukue walau ile ya dirishani. Akatikisa kichwa. "Nikiichukua, Fundi, nitakaa mbele yake mpaka nife. Kule itakuwa ni mwezi ule kila siku."

Siku ya kuondoka alikuja mapema, nami nilikuwepo. Nilisikia kiti. Nikasikia ukimya mrefu. Ufagio nao nikausikia. Alifagia chumba chote, na kwenye meza yangu pia, akanyanyua na ule mguu wenye boksi akafagia chini yake. Nilikuwa nimepanga maneno tangu wiki iliyotangulia. Yalikuwa mazuri. Nilipoinua uso yakapotea yote, nikasema, "Safari njema, dada."

Gari la dada yake lilikuwa linaunguruma barabarani. Alitoa mfukoni betri mbili, ile aliyoitoa asubuhi ya nyekundu ikiwa bado nzima na ile ya bora niliyoileta siku ile, akaziweka mezani kwangu moja juu ya nyingine. Nikamuuliza kama mwenyewe mpya ameshaambiwa habari ya kompyuta ya dirishani.

"Hajui. Utairekebisha wewe. Lakini siyo sasa, Fundi," akasema. "Nimeuacha ukurasa wazi. Ngoja gari likate kona kwanza, ndipo uiweke saa sawa."